Lima kwa Miguu: Mwongozo Kamili wa Kutembelea Majengo ya Kale ya Mji Mkuu wa Peru

Wasafiri wengi wanaokwenda Peru hulala Lima usiku mmoja tu, wakingoja ndege ya kwenda Cusco na Machu Picchu. Wanapita juu ya mji ambao kitovu chake cha kale kimo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 1991. Na msafiri Mwafrika akiupita hivyo, hasara yake ni kubwa zaidi. Sensa ya 1614 ilihesabu watu wapatao 25,000 mjini Lima, na zaidi ya 10,000 kati yao walikuwa weusi. Walitekwa Guinea, Kongo, Angola, na baadaye wengine Msumbiji. Walivushwa bahari hadi Amerika, wakapitishwa Panama, wakateremshwa bandari ya Callao. Walijenga mji huu, wakaupikia, wakauguza wagonjwa wake. Vitu viwili ambavyo watu wa Lima wanavipenda kuliko vyote, mchoro wa Kristo Msulubiwa na mtakatifu mwenye ufagio, vilitoka kwao.

Vitabu vingi vya safari humwanzisha mgeni kwenye uwanja mkuu, kwa Francisco Pizarro, Mhispania aliyeuanzisha mji tarehe 18 Januari 1535. Mimi nakuanzisha kwingine. Njia nitakayoieleza inatembeleka kwa miguu kwa siku moja ndefu, na siku ya pili ni ya mambo ya kale zaidi.

Kabla ya kufunga mizigo

Hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka Afrika Mashariki. Wengi hupitia Madrid, Paris au Amsterdam, wengine São Paulo. Ukishajua njia yako, ulizia viza mbili na si moja: ya Peru yenyewe, na ya kupitia pale utakapobadilishia ndege. Fanya hivyo miezi kadhaa kabla. Beba pia kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Hata kama hutaulizwa ukiingia, unaweza kuulizwa ukirudi nyumbani, kwa kuwa Peru ni miongoni mwa nchi zenye ugonjwa huo.

Usiogope habari za watu kuishiwa pumzi Peru. Hayo ni ya Cusco, iliyo mita 3,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Lima iko ufukweni mwa Pasifiki, na kitovu chake kiko mita kama 150 tu. Iko jangwani, mvua ya kweli hainyeshi, lakini kuanzia Juni hadi Septemba ukungu huufunika mji siku nzima na manyunyu mepesi hulowesha nguo bila kusikika. Koti jepesi linatosha. Ukitaka jua, nenda kati ya Desemba na Aprili. Ukitaka kuuona mji ukiwa na moyo wake wote nje, nenda Oktoba. Sababu utaiona mbele.

Saa za Lima ziko nyuma ya zetu kwa saa nane. Jipe siku ya kupumzika kabla ya kuanza kutembea.

Fedha ni soli. Beba noti ndogo na sarafu, maana makanisa mengi hutoza kiingilio kidogo kwenye sehemu za makumbusho na chenji huwa shida. Watu wachache mitaani huzungumza Kiingereza, kwa hiyo jifunze salamu na namba za Kihispania kabla hujaondoka.

Chagua siku. Jumanne hadi Ijumaa ndizo nzuri kwa kitovu cha mji. Jumapili misa huzuia ziara makanisani, na Jumatatu baadhi ya makumbusho hufungwa. Makanisa mengi hufunga milango kwa saa mbili tatu adhuhuri, ndiyo maana mpangilio wa njia hii umetanguliza makanisa asubuhi. Siku ya maandamano ya kisiasa, polisi huweka vizuizi kuzunguka uwanja mkuu na huwezi kuingia kabisa. Muulize mwenyeji wako asubuhi hiyo hiyo kabla ya kutoka.

Kufika kitovuni

Wageni wengi hulala Miraflores au Barranco, mitaa ya kusini karibu na bahari. Kutoka huko panda Metropolitano, mabasi ya mwendokasi yenye njia yake, yaliyoanza 2010. Unanunua kadi kituoni, unaweka fedha, unagusa getini, sawasawa na ilivyo Dar es Salaam. Si kila basi linafika kila kituo, kwa hiyo soma ubao na uhakikishe lako linapita kituo cha Tacna. Ukipendelea teksi, tumia ya programu ya simu; za kusimamisha barabarani hazina mita.

Simu iwe mfukoni ukiwa karibu na barabara. Wanyakuzi hupita kwa pikipiki. Begi livae kifuani.

Jambo moja kuhusu anwani: mtaa wa kitovu huitwa jirón, na umbali huhesabiwa kwa kwadra, yaani kutoka njia panda moja hadi nyingine. Ukielekezwa "kwadra tatu", ni mwendo wa dakika tano hivi.

Hatua ya kwanza: Las Nazarenas

Kanisa la Las Nazarenas liko kando ya barabara ya Tacna. Kwa nje halitishi, na basi nyingi zinapita mbele yake. Ingia, nenda mpaka mbele, tazama nyuma ya altare kuu. Ule ni ukuta.

Katikati ya karne ya 17 eneo hili liliitwa Pachacamilla, na waliishi hapa watu weusi wengi. Waangola walikuwa na undugu wao wa kidini, walikokutana kusali, kuzikana na kusaidiana. Mwaka 1651 mmoja wao, mtumwa, alichora Kristo msalabani kwenye ukuta wa matofali mabichi wa kibanda chao cha kukutania. Hakuwa mchoraji wa kusomea. Tarehe 13 Novemba 1655 tetemeko likaangusha makanisa na majumba ya mji, na ukuta ule wa udongo ukabaki umesimama na picha yake.

Watu wakaanza kukusanyika. Wakuu hawakupenda mikusanyiko ya usiku ya watu weusi, wakaagiza picha ifutwe. Masimulizi ya Lima yanasema waliotumwa kuifuta walishindwa, mmoja baada ya mwingine, mikono ikitetemeka. Baada ya tetemeko kubwa la Oktoba 1687, nakala ya picha hiyo ilitolewa ikapitishwa mitaani, na maandamano yale yanaendelea mpaka leo. Kanisa ulimosimama lilimalizika 1771, na lilijengwa kuuzunguka ukuta. Picha inaitwa Señor de los Milagros, Bwana wa Miujiza.

Kaa hapa nusu saa. Watu wanaingia na mifuko ya sokoni, wanapiga goti, wanaondoka kazini kwao. Ukiwa si Mkristo bado utaelewa: mtu ambaye sheria ilimhesabu kuwa mali ndiye aliyeupa mji huu sura yake ya sala.

Hatua ya pili: San Sebastián, halafu Santa Rosa

Fuata Tacna kuelekea mtoni. Mbele kidogo, ukikata kushoto kuingia Jirón Ica, utalikuta kanisa la San Sebastián. Ndani yake walibatizwa Martín de Porres mwaka 1579 na Rosa wa Lima mwaka 1586. Likiwa limefungwa, usisubiri.

Rudi Tacna uende mpaka patakatifu pa Santa Rosa, karibu na mwisho wa barabara. Bustani ni tulivu, na kuna kisima kirefu ambamo watu hutumbukiza barua za maombi. Rosa ndiye mtu wa kwanza wa mabara ya Amerika kutangazwa mtakatifu, 1671. Dakika ishirini zinatosha.

Hatua ya tatu: Santo Domingo

Hapa usiharakishe. Watawa wa Mtakatifu Dominiko walipewa kiwanja hiki na Pizarro mwenyewe, na ndani ya konventi hii, yaani nyumba ya watawa, ndimo Chuo Kikuu cha San Marcos kilipoanzishwa tarehe 12 Mei 1551. Lipa kiingilio cha konventi, na chukua mwelekezaji akiwepo. Ua wa kwanza una vigae vya rangi vilivyoletwa kutoka Seville mwanzoni mwa karne ya 17, buluu na njano, na vingi bado vinang'aa.

Lakini umekuja kwa ajili ya Martín. Katika parokia nyingi za Kenya na Tanzania sanamu yake ipo: mtawa mweusi, ufagio mkononi, na miguuni mbwa, paka na panya wanakula sahani moja. Hapa ndipo alipoishi. Mama yake, Ana Velázquez, alikuwa mwanamke mweusi aliyeachwa huru, kutoka Panama. Baba yake alikuwa bwana wa Kihispania, Juan de Porres. Kijana alijifunza kazi ya kinyozi wa zama hizo, aliyenyoa, kuumika, kufunga majeraha na kutoa dawa. Akiwa na miaka 15 hivi aligonga mlango wa konventi hii. Kanuni za wakati ule zilizuia watu wenye asili ya Kiafrika na ya wenyeji wa Amerika kuwa watawa kamili, kwa hiyo akapokelewa kama mtumishi. Aliweka nadhiri za ubradha 1603 na akawa mwuguzi wa nyumba nzima, na wa maskini waliofurika mlangoni. Alifariki tarehe 3 Novemba 1639. Kanisa lilimtangaza mtakatifu tarehe 6 Mei 1962, zaidi ya miaka 300 baadaye.

Masalia yake yamo kanisani pamoja na ya Rosa na ya Juan Macías, mtakatifu mwingine wa Lima, altare moja kwa wote watatu. Ndani ya konventi kuna kikanisa chake. Kama magoti yako yanaruhusu na zamu ya kupanda ipo, uliza kuhusu mnara wa kengele: ukiwa juu utaona mapaa bapa ya Lima, mto Rímac na kilima cha San Cristóbal.

Hatua ya nne: Plaza Mayor saa sita mchana

Toka Santo Domingo dakika ishirini kabla ya saa sita. Uwanja uko kwadra moja tu. Saa sita walinzi wa Ikulu hubadilishana zamu kwa gwaride na bendi, na watu hupanga foleni kwenye vyuma vya uzio.

Jambo ambalo ni vizuri kulijua: sehemu kubwa ya majengo unayoyaona yana sura ya kale tu. Ikulu ya sasa ilimalizika 1938, jumba la manispaa 1944, na jumba la askofu mkuu lenye roshani kubwa za mbao ni la 1924. Kitu cha kale kweli ni chemchemi ya shaba nyeusi iliyo katikati, ya mwaka 1650. Majengo mengine matetemeko yaliyachukua. Lile la 28 Oktoba 1746 liliangusha karibu mji wote, na wimbi la bahari likaifuta Callao.

Kwenye uwanja huu José de San Martín alitangaza uhuru wa Peru tarehe 28 Julai 1821. Mwezi uliofuata ilitoka amri kwamba watoto wa watumwa wanaozaliwa tangu siku ile ya uhuru watakuwa huru. Mama zao walibaki watumwa. Walingoja hadi Desemba 1854, Rais Ramón Castilla alipoufuta utumwa wote. Simama karibu na chemchemi ukipiga hesabu ya miaka hiyo 33.

Kisha ingia Pasaje Santa Rosa, kichochoro kando ya manispaa. Kuna jiwe kubwa lisilochongwa, kumbukumbu ya Taulichusco, mtawala wa bonde hili kabla ya Wahispania. Ikulu imesimama mahali palipokuwa makao yake. Mwaka 2025 sanamu ya Pizarro aliyepanda farasi, iliyokuwa imeondolewa karibu na Ikulu zaidi ya miaka 20 kabla, ilirudishwa na kuwekwa kwenye kichochoro hicho hicho. Watu wa Lima wanabishana juu yake hadi leo. Tazama vyote viwili, ukianza na jiwe.

Kanisa kuu liko upande wa mashariki wa uwanja. Pizarro aliuawa na wapinzani wake tarehe 26 Juni 1541, na kikanisa chake kiko kulia ukiingia. Kwa miaka mingi watu walionyeshwa maiti iliyokaushwa wakiambiwa ndiye. Mwaka 1977 mafundi waliokuwa wakikarabati walikuta chini ya ardhi sanduku la madini ya risasi lenye fuvu na maandishi ya jina lake, na uchunguzi ukaonyesha kwamba ile maiti ya zamani ilikuwa ya mtu mwingine. Tazama pia viti vya kwaya vya mbao iliyochongwa, kazi ya karne ya 17. Nadhani ndivyo kitu kizuri kuliko vyote humo.

Chakula cha mchana

Tafuta anticuchos: vipande vya moyo wa ng'ombe vilivyolowekwa kwenye siki na pilipili, vikachomwa kwenye kijiti. Ni mishikaki, na historia yake ni ya watumwa waliopewa sehemu za nyama ambazo mabwana hawakuzitaka. Wauzaji wa mitaani huanza jioni, lakini mikahawa mingi huipika mchana. Ceviche, samaki mbichi aliyeivishwa kwa ndimu, iliwe mchana tu, samaki akiwa bado wa asubuhi.

Hatua ya tano: San Francisco

Pita upande wa mashariki wa Ikulu. Kituo cha treni cha Desamparados, cha 1912, sasa ni Nyumba ya Fasihi ya Peru na kuingia ni bure. Mbele kidogo ni San Francisco, kanisa la manjano lililowekwa wakfu 1673. Konventi huingiwa kwa ziara ya pamoja na mwelekezaji. Sema unataka ya Kiingereza kama Kihispania hukijui, na uwe tayari kusubiri. Picha haziruhusiwi ndani.

Utaonyeshwa maktaba ya vitabu vipatavyo 25,000, na mchoro wa Karamu ya Mwisho ambamo Yesu na mitume wamewekewa mezani simbilisi, kitoweo cha milimani Peru. Kisha mtashuka chini. Hapa ndipo watu wa Lima walipozikwa hadi makaburi ya mjini yalipofunguliwa 1808. Inakadiriwa walilazwa humo watu 25,000. Mifupa imepangwa kwa aina, mafuvu na mapaja yamezungushwa kwenye shimo kama petali. Dari ni fupi na hewa nzito, mwenye shida ya pumzi abaki juu.

Ukiwa ndani muulize mwelekezaji kuhusu quincha. Ni fito na matete yaliyosukwa yakakandikwa udongo na chokaa, sawa na kuta za nyumba nyingi za vijijini kwetu. Baada ya tetemeko la 1687 mafundi wa Lima waliacha kuezeka kwa mawe na matofali mazito, wakajenga sehemu za juu na hata kuba za makanisa kwa quincha, maana inayumba bila kuvunjika. Ukuta unaoudhani ni wa jiwe, ugonge kidogo.

Hatua ya sita: kumalizia jioni

Sasa ni mwendo tu. Nyuma ya San Francisco, Parque de la Muralla inaonyesha msingi wa ukuta wa mji uliojengwa miaka ya 1680. Kutoka hapo unaliona daraja la mawe la 1610 juu ya Rímac. Ng'ambo ya mto ndiko kulikokuwa na Malambo, mtaa wa watu weusi. Livuke mchana ukiwa na mwenyeji, si peke yako jua likizama.

Rudi kusini. Plaza Bolívar ina jengo la Baraza la Inkwizisheni, lililohukumu watu kwa imani zao kuanzia 1570 hadi 1820. Uliza kwanza kama makumbusho yake yamefunguliwa. Kwenye Jirón Ucayali simama mbele ya Torre Tagle, jumba la 1735 ambalo sasa ni la Wizara ya Mambo ya Nje. Kuingia ni kwa nadra, ila ulichokifuata kiko nje: roshani mbili za mbao nyeusi, zilizofungwa kwa kimia ili wanawake watazame mtaa bila kuonekana, ufundi ambao Wahispania waliurithi kwa Waislamu wa Andalusia. Malizia Jirón de la Unión, mtaa wa waendao kwa miguu, hadi Plaza San Martín ya 1921. Panda basi hapo kabla giza halijakolea.

Siku ya pili

Asubuhi nenda Huaca Pucllana, piramidi ya matofali mabichi katikati ya maghorofa ya Miraflores, iliyojengwa na watu wa utamaduni wa kale unaoitwa Lima, zaidi ya miaka elfu moja kabla ya Pizarro. Matofali yamesimamishwa wima na nafasi kati yake, kama vitabu rafuni, ili tetemeko liyachezeshe yasianguke. Hufungwa Jumanne.

Mchana kodi teksi ya kwenda na kurudi Pachacamac, kilomita 30 hivi kusini. Palikuwa mahali pa kuhiji kwa karne nyingi kabla ya Wainka, watawala wa Peru kabla ya Wahispania, na Wainka walipofika waliongeza hekalu la Jua linalotazama bahari. Wenyeji waliohamishwa kutoka huko kwenda mjini ndio walioacha jina la Pachacamilla. Chukua kofia na maji, hakuna kivuli. Hufungwa Jumatatu.

Mwenye siku ya tatu aende Callao kwenye ngome ya Real Felipe, iliyoanza kujengwa 1747 baada ya lile wimbi. Wahispania wa mwisho walijifungia humo hadi Januari 1826.

Ukienda Oktoba

Weka malazi mapema. Bwana wa Miujiza hutoka Las Nazarenas mara kadhaa mwezi huo, na tarehe 18, 19 na 28 ndizo kubwa. Mji hugeuka zambarau: kanzu, tai, riboni za watoto. Jukwaa la fedha na dhahabu linalobeba picha, liitwalo anda, hubebwa mabegani kwa zamu na vikundi vya undugu, na wanawake wenye vyetezo vya ubani hutangulia wakitembea kinyumenyume ili wasiipe picha mgongo.

Usijaribu kufuata kutoka mwanzo. Tafuta njia ya siku hiyo kwenye gazeti, chagua kona yenye nafasi kwadra nne tano mbele, fika saa mbili kabla, na ujue mtaa wa kutokea nyuma yako. Usivae viatu vya wazi. Hatua zote za kitovu nilizozitaja zifanye siku nyingine, kwa sababu siku ya maandamano hutaweza kuvuka Tacna. Na nunua turrón de Doña Pepa, keki ya tabaka iliyomiminiwa asali ya miwa. Masimulizi yanasema aliyeipika kwanza ni Josefa Marmanillo, mwanamke mweusi aliyekuwa mtumwa bonde la Cañete. Kipande kidogo kwanza, ni tamu sana.